Foleni ya Macho

Karani wa kliniki ya macho alikuwa na sifa moja iliyomponza: hakupendelea ndugu. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa akisubiri upasuaji wa presha ya macho, ugonjwa ambao ukishakula nuru haurudishi. Kila alipopiga simu aliuliza lile lile.

"Mwanangu, si niliandikishwa siku ya kwanza kabisa? Mbona siitwi?"

"Foleni ni foleni, mama. Kompyuta haina mjomba wala shangazi."

Hata jalada la mama mdogo hakuligusa kwa miezi sita, watu wasije wakasema anabeba wa kwao.

Foleni hiyo ilipangwa na skripti ya Perl, yaani programu fupi ya kompyuta, aliyorithi kwa karani aliyemtangulia, mtu aliyehama bila kuacha maelezo hata ya mstari mmoja. Kila Jumatatu ilisoma namba za kuandikishwa, ikachapa majina ya watu wanne wa kuitwa. Jumatatu hii ilitoa karatasi nyeupe pe. Daktari wa upasuaji alitaka orodha saa nane, na sasa ilikuwa saa tano. Karani alibadilisha hiki, akafuta kile, akarudisha alichofuta pasipo pake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akakimbilia jukwaa la wanaoanza Perl kwenye mtandao. "Nisaidieni jamani, mimi ni karani wa kliniki, skripti haifanyi kazi!"

Alijibiwa na mtu anayejiita Mzee Mabano. "Ndugu karani, mgonjwa akisema 'naumwa' tu, mnampa dawa gani? Weka msimbo wa skripti yako, mstari kwa mstari, tuuone. Majina ya watu toa."

Akauweka. Haikupita dakika kumi.

"Skripti yako inafungua faili bila kuuliza kama limefunguka. Iambie ikishindwa ife hapo hapo na iseme sababu."

Akaongeza amri hiyo. Skripti ikafa, ikasema faili halipo. Kumbe fundi wa kompyuta alibadilisha jina la folda Ijumaa, asimwambie mtu. Akarekebisha, majina manne yakatoka, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Alikuwa anaandika asante.

"Ngoja kwanza," akaandika Mzee Mabano. "Mstari wa thelathini na moja. Unapanga namba kana kwamba ni maneno. Wanaoanza karibu wote huteleza hapo. Ipe 9, 10 na 100 uone."

Akaipa. Ikampa 10, 100, 9.

Kwa tarakimu ya mwanzo, moja inatangulia tisa, basi. Mashine haikujali urefu wa namba. Mtu wa mia na nne, aliyeandikishwa juzijuzi tu, alikuwa ameshapasuliwa na kurudi kwake, na wa tisa bado anasubiri. Karatasi ilichapa majina bila namba, kwa hiyo hakuna aliyeona. Karani alifungua jalada la mama mdogo.

Namba tisa.

Alibadilisha alama alizoelekezwa na Mzee Mabano, namba zipangwe kama namba, akaendesha upya. Jina la mama mdogo likatoka la pili. Hakungoja karatasi, alipiga simu pale pale.

"Mama! Umeitwa! Ni kesho kutwa, wewe ni wa pili!"

Karani akaikaza simu sikioni.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Sikutaka kukusumbua kazini. Ijumaa nilikuja hapo kupimwa. Daktari wa zamu akanishika kidevu, akasema nitazame tochi. Nikamwambia, basi iwashe."

Karani alilia kwa sauti pale mapokezi, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakadhani amefiwa.