Usiku Mbombo Alipoupiga Picha Mji Wake

Mbombo alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, mji aliozaliwa. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, yeye na mumewe Éphraïm walihamia uwanja wa stesheni pamoja na maelfu ya wenzao. Walisubiri treni wiki saba. Studio ilikuwa imevunjwa. Alibaki na kamera moja na filamu moja.

Jioni moja wakatangaziwa kwamba treni itafika asubuhi. Éphraïm akaanza kufunga mizigo. Mbombo akachukua kamera.

"Mama Mbombo, unaenda wapi?" aliuliza Barthélemy, jirani yao wa zamani, Mkatanga ambaye hakuacha kuwaletea bukari, ugali wa huko, na mboga pale stesheni.

"Kupiga foto ya muji. Mchana bantu batanitukana."

"Muji muzima? Na hii giza?"

"Minye nilizaliwa hapa, Papa Barthélemy. Kule Kasai sijui hata njia ya soko."

Mzee akavaa kofia yake. "Basi tuende babili."

Mbalamwezi ilikuwa imemwagika juu ya mabati. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa dhaifu, taa za barabarani zikififia na kuwaka tena, kana kwamba mji ulikuwa unapumua usingizini. Mbombo aliweka kamera juu ya ukuta, akaliacha jicho lake wazi, akahesabu polepole kwa Tshiluba, lugha ya mama yake. Mtu akapita mbele yao akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa.

"Ameharibu foto?" aliuliza mzee.

"Hapana. Anatembea, foto haitamuona."

Wakaendelea hivyo: ngazi za kanisa, meza tupu za soko, shule yake, bomba la kiwanda lenye uzi mwembamba wa moshi. Wakati mwingine Mbombo alihisi kwamba miguu haigusi lami.

Karibu na alfajiri wakafika kwenye nyumba ya Mbombo. Ndani kulikuwa na taa. Mwanamke kijana alikuwa ameketi kizingitini, akimbembeleza mtoto anayekohoa.

"Nani pale?"

"Ni minye. Nilikuwa naishi hapa."

Barthélemy akasogea karibu na Mbombo. Kisha yule mwanamke akasema kwa sauti ndogo, "Minye ni Orpha. Balituambia nyumba haina mwenyewe. Unataka kuingia?"

Mbombo alitamani kupiga kelele. Badala yake akasikia mtoto akikohoa tena.

"Hapana. Robine ya maji kule nyuma inavuja, uifunge na kamba ya mpira. Na sasa ukae vile vile, usitingishike."

Akahesabu mpaka arobaini.

Treni ilifika saa tatu. Barthélemy aliwapandishia mizigo, akasimama kando ya reli mpaka behewa la mwisho likapotea.

Filamu ilisafishwa miezi mingi baadaye, huko Mwene-Ditu, Kasai. Picha nyingi zilitoka nyeusi. Ya Orpha ilitoka safi, ila mtoto alikuwa na nyuso mbili. Éphraïm alipojua ni nani aliyeketi kizingitini pao, aliishika kwa mikono miwili ili aichane. Mbombo hakumzuia. Lakini Éphraïm aliisogeza karibu na kibatari, akaanza kuutazama mlango alioupaka rangi mwenyewe, na usiku ule hakumrudishia Mbombo picha hiyo.