Nne Iliyokufa

Kwanza nilisikia mlio ule mfupi wa kushuka, mlio wa nyoka aliyejiuma, ukitoka sebuleni nikiwa jikoni nakaanga vitunguu. Kimya kidogo, kisha mlio tena, upesi mno. Jirani yangu hakuwa na kawaida ya kufa haraka hivyo.

Nilipochungulia, alikuwa kwenye kochi na sare zake za polisi, kofia magotini, simu yangu ya vitufe mikononi. Ni afande, mwanamke wa kaskazini, na vyumba vyetu vilitazamana hapa mtaani Wandegeya. Kila akitoka zamu alipita kucheza mchezo wa nyoka. Mimi Mkenya niliyekuja kusoma chuo, yeye mtoto aliyekulia kambi za askari. Kiswahili chake na changu kiligombana kila jioni na kupatana bila msuluhishi.

Simu hizo ninazo tatu. Nilizipata soko la Owino, katika mafungu ya chaja mbovu, na ninazitunza kama wengine wanavyotunza maua: nazichaji kila Jumapili, navipangusa vitufe kwa spiriti. Aliyoipenda yeye ilikuwa na ubovu mmoja. Kitufe cha nne, cha kugeukia kushoto, kilikuwa kimekufa. Hakujali. Katika mchezo ule nyoka akipenya ukuta wa kulia hutokea kushoto, basi alimwendesha kulia tu, akiizunguka dunia nzima ile ndogo ya kijani kufuata tonge lililokuwa mgongoni pake.

Kesho yake alikuwa anahamia kituo cha kwao kaskazini, na alitaka jambo moja: kuivunja rekodi yangu kabla hajaondoka. Nami, kwa kumtakia mema, mchana ule nilikuwa nimekitengeneza kitufe.

"Mkenya, hii simu umefanya nini?"

"Nimekutengenezea nne. Zawadi."

"Zawadi gani? Nyoka anajigeuza kama amelewa waragi."

Nikakaa kando yake kutazama. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya nne, mahali kilipozoea kupumzika miezi yote ile. Kikikibonyeza kidogo tu, nyoka anakunja kona na kujiuma.

"Toa kidole hapo, afande."

"Niweke wapi? Hapo ndiyo nyumbani yake."

Nikazima jiko. Nikaifungua simu kwa bisibisi, nikabandika kipande cha selotepu chini ya nne, nikaifunga. Nne ikafa tena.

Vitunguu vilipoa. Nyoka akarefuka hadi kioo kikajaa mwili wake, nami nikajikuta nimeukamata mkono wa kochi, nikimwombea mtu dhidi ya rekodi yangu mwenyewe. Ilipovunjika, hakupiga kelele. Alimwacha nyoka ajiume, akazisoma tarakimu taratibu kama taarifa ya kituoni, akairudisha simu kwenye rafu.

"Nikirudi likizo nikute rekodi yangu iko," alisema akivaa kofia. "Na hiyo nne, uache imekufa."

"Sawa, afande."

"Sasa pika. Utakufa njaa na vitabu yako."

Akatoka akicheka, mlango ukajifunga nyuma yake.