Siku Sabina Alipofunga Mlango

Sabina Masele hakusomea ualimu. Chuo cha Butimba alikijua kwa nje tu, kwa sababu aliwahi kuwauzia dagaa wapishi wake, akaishia getini na ndoo yake kichwani. Alimaliza darasa la saba mwaka ambao shule yao haikufaulisha hata mtoto mmoja. Akaolewa, ziwa likamchukua mume, akabaki na chanja nne za kuanikia dagaa na mdomo ambao kambi nzima iliuogopa. Ukipita mbele ya chanja za Sabina umevaa vibaya, utaambiwa. Ukimpiga mkeo usiku, asubuhi utaambiwa mbele ya watu.

Kambi yenyewe ni Lwanzali, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, mbali kabisa, mahali ambapo pikipiki huishia kwenye matope na mtu humalizia kwa miguu. Wazazi walikuwa wamejenga vyumba viwili vya mabati karibu na ufuko, shule shikizi, ili watoto wadogo wasitembee saa mbili kwenda shule mama. Halmashauri iliwaletea mwalimu mmoja, Josephat, kijana wa Kihaya, mpole, shati limenyooshwa hata siku ya matope. Alikuwa na cheti chake na Kiswahili kizuri. Watoto walikuwa na Kisukuma tu.

Chanja za Sabina zilikuwa chini ya dirisha la darasa la kwanza. Kila asubuhi alimsikia Josephat akiinua kitu na kuuliza, "Hii ni nini?" Na watoto hamsini walimjibu kwa sauti moja, kwa furaha, "Hii ni niniii!" Sabina alicheka hadi akakaa chini mchangani. Siku ya tatu kijana wa watu alitoka nje, macho mekundu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Kama unacheka, basi njoo uwaulize wewe."

Akaenda, mikono ikinuka dagaa, akawauliza kwa Kisukuma. Darasa lililokuwa limelala miezi miwili likaamka kwa kelele. Tangu siku hiyo hakutoka tena. Neno alianza kulisema kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, kisha watoto wakaliandika kwa vijiti kwenye mchanga mbichi wa ufukweni, ambako kosa hufutwa na wimbi na hakuna anayeaibika. Wazazi walichanga sabuni na unga, wakampa. Watoto walimwita mayu, yaani mama, lakini watu wazima wakaanza kumwita Mwalimu Sabina. Mara ya kwanza kuitwa hivyo aligeuka nyuma kumtafuta aliyeitwa.

Tatizo lilikuwa mahudhurio. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwaka mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo siku za giza, kila asubuhi, mikono yote midogo ya Lwanzali inahitajika ufukweni kuanika. Maofisa waliwahi kuja kuwahubiria wazazi umuhimu wa elimu, wakasikilizwa kwa adabu, wakapewa sato wa kukaanga, wakaondoka. Sabina hakuhubiri. Alimwambia Josephat kwamba siku za mbalamwezi darasa lifunguliwe saa mbili, na siku za giza saa nne, dagaa wakiwa wamekwisha kuanikwa. Kisha akaenda kwa akina mama, chanja kwa chanja.

"Na mvua?" aliuliza Queen, mjane mwenye umri wa miaka ishirini na minane, mtoto mchanga mgongoni na binti mkubwa, Kija, kando yake.

Swali lilikuwa la haki. Dagaa walionyeshewa wanaoza, na hata kuku huwachagua. Ndiyo maana Lwanzali wana sheria moja ambayo haikuandikwa na mtu. Wa kwanza kuona wingu linainuka ziwani anapiga debe, na debe likilia kila mwenye miguu anakimbia kuanua, awe na dagaa au hana, wawe wake au wa jirani. Hata msibani watu huinuka, wakamwacha marehemu na wazee wawili.

"Debe likilia ninawaachia wote," Sabina alisema. "Hata tukiwa katikati ya neno."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

Queen akamsukuma Kija mbele. "Mchukue."

Ahadi hiyo ndiyo iliyojaza darasa. Miaka miwili debe lililia mara nyingi, na kila mara Sabina aliufungua mlango kwa mguu, mikono imeshika chaki, watoto wakamiminika kama maji. Wakirudi, wamelowa, wanaendelea pale pale neno lilipokatika.

Kija alikuwa na miaka tisa na alikuwa mzito kuliko wote. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwoga wa kukosea, na mtu wa hivyo hujifunza kwa kunyamaza. Mwaka wa kwanza wote hakusema darasani hata neno moja, na Sabina, mwenye mdomo ule, alijifunza kukaa kimya pembeni yake. Alimpenda mtoto yule, tusifichane, kuliko ilivyofaa mwalimu kupenda mmoja. Mwezi wa Oktoba, mwaka wa pili, Kija alisimama kando ya mtumbwi uliovutwa ufukweni, akaweka kidole juu ya maandishi ya rangi ubavuni, akasoma jina la mtumbwi herufi kwa herufi. Sabina aligeuza uso akajifanya kupenga kamasi.

Mwezi Machi ikaja barua. Watoto waliomaliza darasa la pili katika shule shikizi zote wangepimwa kusoma, mmoja mmoja. Shule ambayo watoto wake hawasomi ingefungwa, na wanafunzi wahamishiwe shule mama. Josephat aliisoma barua mara mbili kisha akaiweka mezani. Wote wawili walijua kwamba mtoto wa miaka saba hatembei saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa hiyo Lwanzali shule ikifungwa ndiyo basi.

Siku yenyewe ilikuwa ya giza. Afisa aliyekuja aliitwa Hellen, mama mstaarabu, viatu vyake amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Akakaa mezani, akaita jina la kwanza. Watoto walisoma. Wengine kwa kuburuza, wengine kwa mbio kama wanafukuzwa, lakini walisoma, na kalamu ya afisa ilikuwa ikitia vema. Ilipofika saa sita na ushee walibaki watoto tisa, Kija wa kwanza kati yao, amesimama tayari karibu na meza, amekamata sketi yake kwa mikono miwili.

Ndipo debe likalia.

Watoto wote waliinuka kwa pamoja, kama kawaida, wakamtazama Sabina. Josephat naye akamtazama. Afisa Hellen akainua kichwa, akatabasamu. "Kuna harusi?"

Sentensi moja tu ingetosha. Mheshimiwa, wingu limeinuka, tupe nusu saa tukaanue dagaa kisha tutarudi. Yule mama alikuwa mwelewa, na baadaye ilijulikana kwamba angekubali bila shida. Lakini Sabina aliona aibu. Aliitazama meza ile, fomu zile, viatu vile safi, akajiona mwanamke wa chanja aliyejiita mwalimu, akieleza kwamba shule yake huvunjika kwa ajili ya dagaa. Pia alimtazama Kija, akaogopa kwamba mtoto akitoka pale hatapata tena ujasiri wa kurudi mezani.

"Kaeni," alisema. Akaenda mlangoni, akaufunga, akaegemeza mgongo.

Hawakuelewa. Ndalahwa, mtoto wa mwisho kwa urefu, alimwuliza kwa Kisukuma, "Mayu, si debe?" Akamwambia, "Kaa." Nje debe lililia tena, kisha tena, kisha zikaanza kusikika sauti za akina mama wakiita majina ya watoto wao, moja moja. Sabina alizijua sauti zote. Ya Queen ilikuwa karibu kuliko nyingine.

Mvua ikapiga mabati. Kija akapewa karatasi. Afisa ilibidi ainame amtegee sikio, na mtoto, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapaza sauti. Alisoma habari yote, mistari sita, kwa kelele za kuishinda mvua. Hakukosea neno. Afisa Hellen akampigia makofi peke yake.

Mlango ulipofunguliwa ufuko ulikuwa mweupe wa dagaa waliosambaa kwenye tope. Akina mama walikuwa wameokoa walichoweza, yaani kidogo. Queen, na mtoto mgongoni, alikuwa ameanua chanja moja kati ya tano. Alikuwa amekaa kwenye mchanga uliolowa na hakuinuka mvua ilipokatika.

Shule ilipona. Barua ya pongezi ililetwa na bahasha yake, na halmashauri ikaahidi madawati. Josephat aliibandika barua ukutani, kisha baada ya wiki akaibandua mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na watu wa kuisoma. Watoto walikuwa wameanza kupungua. Hakuna mama aliyegomba, na Sabina angeshukuru wangegomba, maana ugomvi aliuweza. Walimsalimu kwa adabu, wakasema mtoto anaumwa kidogo, mtoto kaenda kwa bibi yake, tutaona kesho. Katika hamsini na wawili wakabaki kumi na mmoja.

Sabina alipiga moyo konde akaenda kwa Queen. Alimkuta anafunga vyombo kwenye wavu kuukuu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia, mayu. Karibu."

"Kija alisoma, Queen. Ungemsikia."

"Nilimsikia. Nilikuwa nje ya ukuta." Queen alikaza fundo. "Mwalimu Josephat angefunga ule mlango, nisingesema kitu. Yeye hajui. Ni mtu wa kuja. Lakini wewe unalijua debe. Mtoto wangu nilimpa wewe, sikumpa shule."

Sabina alitaka kusema kwamba alifanya kwa ajili ya mtoto, na ilikuwa kweli, na hata hivyo alijua kwamba alifanya pia kwa ajili ya uso wake mwenyewe mbele ya afisa. Akasaidia kubeba vyombo hadi mtumbwini. Queen alikuwa anahamia kisiwani, kwenye kambi ambayo haina shule, kwa sababu huko kulikuwa na mtu ambaye angempa mtaji wa kuanza upya. Kija alikaa juu ya mzigo. Hakulia. Alikuwa amenyamaza kimya kile cha zamani.

Okomo, mvuvi wa Kijaluo kutoka upande wa Mara, alikuwa akienda kisiwa kile mara kwa mara. Sabina alimpa daftari na penseli. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika maswali kwa herufi kubwa. Mmefikaje? Unakula nini? Mdogo wako hajambo? Baada ya mwezi daftari likarudi na ukurasa mzima wa majibu, yamepangwa vizuri, na chini Kija amechora mtumbwi. Sabina alilisoma kwa Josephat, akalisoma kwa wale kumi na mmoja, akalala nalo.

Akaandika tena. Safari ile lilikaa huko miezi miwili. Majibu yalikuwa mistari mitatu, na mmoja ulikatika katikati, kana kwamba mwandishi aliitwa. Akaandika mara ya tatu, akarahisisha maneno, kama unavyomrahisishia mtoto anayeanza. Likarudi na jina tu. Kija. Hata jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mtu anayekumbuka kwa shida.

Mara ya nne hakuuliza kitu. Aliandika herufi zote, kuanzia a, zifuatwe kwa penseli, kazi ya darasa la kwanza, akampa Okomo akamsihi alifikishe mkononi mwa mtoto mwenyewe.

Okomo alirudi mwishoni mwa giza la Novemba. Sabina alimfuata majini kabla mtumbwi haujavutwa. Akapewa daftari, akalifungua pale pale, sketi yake ikielea, akapekua ukurasa hadi ukurasa, hadi kwenye pini za katikati. Herufi zake zilikuwa kama alivyoziacha.

"Hakuandika," alisema. "Basi utalipeleka tena safari ijayo. Nitamwekea penseli nyingine, labda ile imeisha."

Okomo alishughulika na kamba yake muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

"Mama," alisema, "sikumpa mtu. Walihama giza la mwezi uliopita. Nimeuliza kambi nzima, hakuna anayejua walikoelekea."