Mmea wa Njano Ndani ya Ngitili

Sipendi maua ya njano. Ukiniletea nakurudishia, tena bila asante.

Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu, karibu na Mwandoya. Ushirika uliokuwa ukitukopesha mbegu na dawa ukalegea, baba akaisusa pamba. Shamba zima akaligeuza ngitili, malisho yanayofungwa masika yote ili mifugo iyakute kiangazi. Ngitili ikifungwa haingii hata mbuzi.

Alikuwa na ng'ombe kumi, mahari ya kaka. Mimi nilikuwa darasa la saba. Baba alishasema: wakitosha, kaka anaoa na mimi naendelea na shule, wakipungua, naolewa mimi kwanza ili wapatikane. Basi niliwapenda ng'ombe wale kuliko kaka alivyowapenda.

Mvua ikakatika mapema. Nyasi zikakauka, lakini kwenye kona yenye udongo mbaya kuliko wote ukaota mmea tusioujua, majani manene, maua kama alizeti ila madogo kama vifungo. Kila wiki ulisogea mbele. Nilikuwa nauchungulia nje ya uzio.

"Kitu gani hiki kinanenepa wakati wa njaa?" bibi alimuuliza baba. "Ingiza mbuzi mmoja auonje kwanza."

"Mama! Mbuzi kwenye ngitili? Watu wote watanicheka."

"Wacha wakucheke."

Wapi! Baba na heshima yake.

Siku ya kufungua, ng'ombe walikuwa mbavu nje. Walizipita nyasi kavu wakakimbilia ule ukijani. Baba akafurahi mpaka akaimba.

Mchana dume mmoja akaanza kutetemeka, mate yanamchuruzika. Jioni walikuwa wamelala wanne. Bibi aliwanywesha maji ya mkaa, mama analia, mimi nawavuta pembe wainuke, nawatukana, nawabembeleza. Kulipokucha, kati ya kumi walibaki hai watatu. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi, na nilimwonea huruma vilevile.

Wiki haikuisha, wakaja wazee wawili kutoka Nkoma. Wakapewa viti. Mama akanituma maji ya kunawa, hakuniangalia usoni. Nilipopiga magoti kuwamiminia, mmoja akanishika kiganja, akakigeuza, akamwambia baba:

"Huyu tunatoa kumi na wawili."