Mashine ya Chini ya Meza

Masika yakikaribia, Kyela kila mtu anajua la kufanya kabla mafuriko hayajaja. Magunia ya mpunga yanapandishwa juu ya matofali, magodoro juu ya kenchi, na kuku hata hawasubiri kuambiwa. Ijumaa ile niliaga kazini mapema ili nikampandishie mama mpunga wake kule Ipyana.

Hospitalini tulikuwa wawili kwenye chumba cha kompyuta: mimi wa mifumo, mwenzangu wa mtandao. Kabla sijatoka niliitazama mashine kuu, ile iliyobeba taarifa zote za wagonjwa, imekaa sakafuni chini ya meza.

"Hii si ya kuinuliwa?" nikamuuliza.

"Mashine ni yako, kaka."

"Nyaya zinazoishikilia ni zako."

Tukacheka, kila mmoja akafunga begi lake.

Maji yaliingia Jumapili. Jumatatu tulimkuta mlinzi anayachota kwa ndoo, mashine imeshakufa. Bosi akauliza nakala za akiba za taarifa ziko wapi. Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama mimi. Zikaletwa barua zetu za ajira, zote mbili zinaishia na maneno yaleyale, "na kazi nyingine utakazopangiwa", na hiyo ya kuinua mashine, wala ya kutoa nakala, hakuna aliyetupangia. Nilidhani nitakasirika. Sikuhisi chochote, nikaenda kunywa chai.

Mama ana presha. Daktari wa zamani, ambaye alishahama, alimjaribishia dawa mpaka akapata inayomfaa, na katikati hapo moja ilimvimbisha ulimi tukadhani tunamzika. Jina la dawa hiyo sikuwahi kulishika. Nilikuwa nikimwambia mama asihangaike, kila kitu kimo kwenye kompyuta.

Siku yake ya kliniki ilipofika nikampeleka. Dawa yake ya siku zote ilikuwa imekwisha stoo, ikabidi abadilishiwe. Daktari mpya, mtu mpole, akamuuliza ni dawa gani iliyowahi kumkataa.

"Ilikuwa nyeupe, baba," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Muulize huyu. Ndiye anayekaa na kompyuta."

Nikasema mashine iliingia maji. Daktari akauliza nani alikuwa anahusika nayo. Nikajibu tulikuwa wawili. Aibu niliitarajia, haikuja. Nilikuwa nimekaa tu, mikono mapajani.

Daktari akaandika dawa nyingine, akasema mama akianza kuvimba nimrudishe haraka. Dirishani tukapewa vidonge. Vilikuwa vyeupe. Mama akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga fijo."