Mashine Haina Kiu

Kwetu Kang'ata, bibi yangu alisokota kamba za katani juu ya paja, na kila mara alilowesha kiganja kwanza. Nikakua nikijua hivyo: katani kavu hukatika, katani yenye maji hutii. Nilipokwenda Korogwe na kufikia kwa shangazi, Masuguru, ujuzi huo ndio mzigo pekee niliojivunia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Zamani katani yetu iliondoka kwa treni ikiwa nyuzi tupu, na dukani Handeni tukauziwa kamba kutoka ng'ambo. Sasa kiwanda cha pale Korogwe kilisokota kamba hapa hapa nchini, na wasichana walichukuliwa kwa wiki moja ya majaribio. Baba aliniambia neno moja tu: "Ukirudishwa, usiniombe ruhusa tena." Nilitaka kubaki kuliko kitu chochote duniani.

Siku ya tatu nyuzi zilianza kukatika mbele yangu. Sikufikiri. Nikachovya viganja kwenye ndoo ya maji ya kunywa, nikazipapasa. Zikanata kwenye rola, zikajiviringa, mkanda ukapiga kelele, mashine ikasimama. Safu nzima ikageuka kunitazama.

Msimamizi wetu, mama wa Kishambaa mwenye kilemba cha njano, akaja na kisu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umeinywesha maji?"

"Ndiyo, mama. Bibi hufanya hivyo."

"Ninyi Wazigua! Ukame wa Handeni umewafanya muone hata mashine ina kiu?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikaanza kufungua aproni.

"Unakwenda wapi? Uchafu huu nitaukata mimi?"

Akanipa kisu. Nilikata nyuzi moja moja, naye amechuchumaa kando yangu, akinionyesha kopo la mafuta ambayo rola huyapenda. Mikono yake ilinuka mafuta hayo na moshi wa kuni.

Jumamosi meneja alisoma majina ya waliofaulu. Alipofika kwangu akasita. "Huyu si ndiye aliyesimamisha mashine?"

"Ndiye," akajibu mama yule. "Lakini vidole vyake huijua katani mbovu kabla haijakatika. Mafuta nimeshamfundisha. Hivyo vidole utanipa wewe?"

Nikabaki. Katika chumba cha kisomo cha kiwanda hicho, baada ya zamu, niliandika sentensi zangu za kwanza ambazo hakuna mwalimu aliyeniagiza kuziandika. Kila ninapoandika leo, namshukuru mwanamke yule aliyenipa kisu badala ya nauli ya kurudi.

Likizo ya kwanza nilimpelekea bibi kamba tuliyosokota. Aliivuta kwa nguvu zake zote, akainusa, akakunja uso.

"Inanuka mafuta."

"Ndiyo, bibi."

Akaivuta tena. Kisha akaenda kuifunga kwenye ndoo ya kisimani, na ile yake ya zamani akaitundika ukutani.