Daktari Ubongo na Ngozi Nyembamba

Nyumbani watoto wa dada yake walimwita Mama Mdogo. Machinjioni alikuwa Daktari Ubongo, na jina hilo lilimchefua karibu sawa na kazi yenyewe.

"Daktari Ubongo huyoo!" mchinjaji alimpokea, aproni ikimchuruzika. "Leo nikupe bongo za ng'ombe waliofika chuo kikuu, au waliofeli darasa la kwanza?"

"Nipe zilizotoka sasa hivi, kaka. Maneno baki nayo."

Bongo zikadondoka kwenye ndoo ya barafu, plopu, plopu. Harufu ya damu mbichi na mafuta vuguvugu ikamwingia hadi kooni. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo, na sasa alikuwa mtafiti wa kuajiriwa kwa mkataba, lakini tumbo lake halikujali shahada. Alitema mate pembeni akafunika ndoo.

Kilichomrudisha pale kila mara ni mlango. Kila seli ya ubongo imefunikwa kwa utando wa mafuta, na humo zimechomekwa protini zilizo kama vilango. Kilango kikifunguka, chumvi hupita, na ujumbe husafiri kutoka seli hadi seli. Kimoja kati ya hivyo hakuna aliyewahi kuliona umbo lake. Yeye alikuwa na hamu nacho kama mtu anayechungulia jirani amenunua nini.

Sasa, kabla ya kusagwa, ubongo lazima uchunwe kwa vidole. Juu yake kuna ngozi nyembamba yenye vishipa vya damu. Inateleza, inang'ang'ania kwenye mikunjo, inakatika vipande kama kamasi. Safari iliyopita kinyaa kilimzidi, akachuna juu juu huku ameangalia dirishani, kisha akasaga vyote. Ukatoka uji wa rangi ya waridi. Akauzungusha kwenye mashine hadi utando ukajitenga, akang'oa protini kwa sabuni yake maalumu, akazipiga picha kwa hadubini kubwa.

Picha zikatoka nzuri ajabu. Mkuu wa maabara akapiga makofi.

"Dada, umetutoa kimasomaso! Ijumaa wafadhili wanakuja, utawaonyesha. Na mkataba wako mpya nautia saini siku hiyohiyo."

Aliporudi kuzitazama peke yake, akazikuza zaidi. Kilango chake kilitakiwa kuwa na miguu minne na tundu katikati. Hivi vilikuwa vimpira vya duara, karibu kila kimoja na kitone cheusi ndani. Alivijua. Ilikuwa protini ya kuhifadhi madini ya chuma, imekuja na damu ya ile ngozi aliyoona kinyaa kuigusa. Amepiga picha uchafu wake mwenyewe!

Alimkuta Mkuu anakula yai la kuchemsha mezani.

"Mkuu, hiki si kilango. Ni uchafu wa damu. Sikuchuna vizuri."

Mkuu alitafuna kwanza. "Una uhakika?"

"Tazama vitone."

"Basi ondoa picha zenye vitone. Zilizobaki ipe kompyuta, itakuchongea umbo lolote. Wewe nawe! Wafadhili hawapimi, wanatazama tu."

Akacheka. Kiini cha yai kilikuwa kimemganda kwenye meno, na cheko lenyewe lilinuka. Daktari Ubongo alihisi kichefuchefu ambacho machinjioni hakuwahi kukipata, akatoka bila kuaga.

Ijumaa alisimama mbele ya wageni, akaonyesha vimpira vyote, na vitone vyake. "Hiki si tulichokuwa tunakitafuta. Ni uchafu, na kosa ni langu. Narudia kazi." Mkuu akatazama viatu vyake. Mkataba mpya haukutiwa saini; akabakiwa na miezi michache ya ule wa zamani.

"Si ungenyamaza tu, mwanangu?" mama yake alilalamika kwenye simu.

"Mama, ungeyaona yale meno."

Jumatatu alikuwa machinjioni tena.

"Daktari, leo umenuna. Hata salamu?"

"Weka nyingi, kaka. Sina muda."

Maabarani aliegesha ndoo kwenye beseni, akavaa glavu, akatoa ubongo wa kwanza. Akabana pumzi. Safari hii hakuangalia dirishani. Ngozi ikateleza, ikakatika, ikamng'ang'ania vidoleni. Akaitafuta ncha nyingine ndani ya mkunjo, akaipata, akavuta polepole.